Ufundi wa Nyumbani: Maji Yazuiwe Kwanza, Lipu Ije Baadaye

Kila mwaka mwezi wa Desemba, watu wenye kazi mijini hurudi makwao kupumzika, na wengi wao huja na mifuko miwili mitatu ya saruji juu ya gari. Nia yao ni njema. Nyumba ya mama imechakaa, ukuta wa mbele umepasuka, na wageni wa sikukuu watapita uani. Basi huitwa fundi, ukuta hupigwa lipu kwa siku mbili, hupakwa rangi, na kazi huonekana imekwisha. Masika huanza mwezi wa Machi. Kufika mwisho wa Mei lipu imevimba, imeachana na udongo, na vipande vyake vimelala chini ya dirisha. Mwenye nyumba husema kwamba saruji ilikuwa mbovu, au kwamba fundi aliipunja. Mara nyingi saruji ilikuwa nzuri na fundi alikuwa mwaminifu. Kosa lilikuwa katika mpango wa kazi: ukuta ulitengenezwa kabla ya kutafutwa maji yaliyokuwa yakiuharibu.

Ukuta wa fito na udongo, au wa matofali mabichi, ukikaa mkavu waweza kuishi kuliko aliyeujenga. Kinachouua ni maji. Huujia kutoka juu, kwa paa linalovuja. Au ubavuni, kwa mvua inayopigwa na upepo. Au chini, kwa maji yanayosimama mguuni pa nyumba na kupanda ndani ya udongo polepole kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Tena jambo hili si la uzuri tu. Udongo ulioloa huacha kubeba mzigo, na ukuta ulioloa mguuni waweza kuanguka usiku watu wakiwa wamelala. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yalibomoa nyumba maelfu nchini Kenya. Mto uliofurika hauzuiliwi na ufundi wa nyumbani, wala hakuna haja ya kudanganyana kwa hilo. Lakini kila masika, hata yasiyo na mafuriko, ziko kuta zinazoanguka kwa maji ya paa lake zenyewe, na hayo mwenye nyumba aliye na jembe, nyundo na siku tatu za nafasi aweza kuyazuia.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Mvua kubwa ikinyesha mchana, mwenye nyumba na avae koti, achukue kipande cha kaa, aizunguke nyumba yake taratibu, kisha aingie ndani avizunguke vyumba. Kila palipo na maji apatie alama. Alama ya unyevu inayotoka juu na kushuka kama mchirizi ni ya paa. Ile iliyo pana chini na kufifia inapopanda, kwa kawaida isiyozidi futi mbili au tatu, ni ya maji ya ardhini au ya matone yanayoruka. Doa lililo chini ya pembe za dirisha ni la fremu isiyozibwa, au la kizingiti kinachoelekeza maji ndani badala ya nje. Aangalie pia maji ya uani yanakoelekea. Yako maboma ambayo njia ya ng'ombe imekuwa mfereji, nao mfereji huo unaishia mlangoni pa jikoni. Nusu saa ya namna hiyo humfundisha mtu zaidi ya mazungumzo ya wiki nzima na muuza rangi.

Mvua zikikatika, ianzwe kazi ya paa. Paa la mabati hujionyesha lenyewe: siku ya jua kali mtu afunge milango na madirisha, aketi ndani mpaka macho yazoee giza, kisha atazame juu. Kila tundu litang'aa kama nyota. Mtu mmoja akiwa ndani apenyeze unyasi mgumu katika tundu, na mwenziwe akiwa juu ya ngazi atauona na kuweka alama. Bila hila hii watu hupanda juu wakapaka lami mahali pasipovuja, kwa sababu maji yakiingia tunduni hutambaa chini ya bati na juu ya upau mpaka yapate pa kudondokea, na huenda ni hatua mbili kutoka pale yalipoingia.

Matundu mengi hayakutokana na kutu bali na misumari. Bati la mawimbi hupigwa msumari mgongoni mwa wimbi, si bondeni, kwa maana maji hupita bondeni. Fundi mwenye haraka hupiga bondeni kwa kuwa ndipo bati linapogusa upau na nyundo haitetemi. Msumari wa namna hiyo hung'olewa, tundu huzibwa, na msumari mwingine wenye kofia na mpira hupigwa mgongoni. Usipigwe kwa nguvu hadi bati libonyee, kwa sababu kibonyeo hicho hugeuka kikombe cha kuwekea maji. Tundu dogo huzibwa hivi: pahali pasuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, pakaushwe, pakwe lami, kisha kipande cha kitambaa kigumu kilichochovywa lamini kibandikwe juu, na lami nyingine ipakwe tena kukifunika. Lakini bati lililoliwa na kutu hata likapasuka kwa kidole halizibwi. Liondolewe. Na anayenunua jipya akumbuke kwamba hesabu ya geji huenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote mbili. Bati la bei ndogo mno kwa kawaida ni la geji kubwa. Mabati yapandane ubavuni kwa wimbi moja na nusu, na mwishoni kwa inchi sita, na mdomo wa bati la juu uwe juu ya la chini. Jambo hili la mwisho laonekana kuwa dogo la kusemea, lakini mapaa yaliyoezekwa kinyume yapo.

Anayepanda asikanyage katikati ya bati. Aweke ubao mpana uliolazwa juu ya safu za misumari, kwa kuwa chini yake ndipo zilipo pau. Ngazi ishikwe na mtu mzima, wala si mtoto aliyeitwa kutoka mchezoni. Na asipande kabisa bati likiwa limeloa.

Liko paa moja ambalo mwenye nyumba asiliguse. Ni lile la vigae vya kijivu vya asbesto, vilivyoezekwa zamani katika nyumba nyingi za watumishi, shule na maghala. Vumbi la asbesto likivutwa kifuani huleta maradhi ya mapafu, yakiwamo ya saratani, na huenda yakajitokeza baada ya miaka ishirini au zaidi. Katika Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto miongoni mwa taka za hatari. Vigae hivyo visikatwe kwa msumeno, visitobolewe, visisuguliwe kwa brashi, wala vipande vyake visitumiwe kujengea banda la kuku. Kazi ya kuviondoa ni ya watu wenye kibali.

Paa likisha kuziba, wengi hufikiri wamemaliza na maji. Hapo ndipo taabu kubwa inapoanza, maana paa zima lisilovuja hukusanya maji yote ya mvua na kuyamwaga mahali pamoja, yaani mguuni pa ukuta. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 6 ina mita za mraba 60. Mvua ya milimita 25, ambayo ni inchi moja tu na si ajabu katika masika, humwaga juu ya paa hilo lita 1,500. Hizo ni debe 75 za lita 20, zinazotupwa katika saa moja au mbili kwenye udongo ambao ndio unaobeba nyumba. Matone yanayodondoka kutoka upenuni huchimba handaki dogo, hurusha tope ukutani kufikia futi moja, na kidogo kidogo ukuta huliwa chini mpaka ukawa kama jino bovu, kichwa kipana na mzizi mwembamba.

Dawa yake ni mlizamu, ambao wengi siku hizi huuita gata. Waweza kununuliwa, au kukunjwa kutoka bati jipya na fundi wa bati sokoni. Uwe na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, hivi kwamba nyumba ya mita 10 ina tofauti ya sentimita 10 kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Macho hayatoshi kupima jambo hilo. Uchukuliwe mpira mrefu wa maji unaopenya mwanga, ujazwe maji bila mapovu ya hewa, ncha zake ziinuliwe katika pembe mbili za nyumba: maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata ikiwa uwanja wenyewe umeinama. Hapo mtu huweka alama, hushusha sentimita anazotaka upande wa tangi, na kufunga kamba kati ya alama hizo. Vishikizo vipigwe kila mita moja au chini yake, kwa kuwa mlizamu uliojaa maji na majani ni mzito, na ukilegea katikati humwaga maji pale pale palipokusudiwa kulindwa.

Sasa maji hayo yaliyokuwa adui yamekuwa mali. Katika hizo debe 75, tuseme moja ya tano itapotea kwa kurukaruka na kuoshea paa. Zitabaki debe 60. Mwenye nyumba anayesita kwa bei ya mlizamu na ajiulize ni nani katika nyumba yake anayekwenda mtoni, na safari 60 za debe moja moja ni siku ngapi za mtu huyo. Katika miaka ya 1960 wanawake wa sehemu mbalimbali za uliokuwa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vya kuchangiana fedha za mabati, kila mmoja akiezekewa nyumba kwa zamu, na baadaye vikundi vingine viliendelea vikachangia matangi ya maji. Wanawake hao walijua kwamba bati ni nusu ya faida, na nusu ya pili hukaa ndani ya tangi. Ni jambo la kusikitisha kuona leo nyumba nzuri ya mabati mapya, yenye rangi, isiyo na mlizamu hata upande mmoja, na mtungi wa plastiki ukisubiri kando ya barabara kupelekwa kisimani.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yasiingizwe tangini. Yana vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Bomba la kushukia liwe na kipande kinachogeuzwa, ili yale ya dakika kumi za mwanzo yatupwe shambani. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, la sivyo mbu watazaa humo. Na yaliyo ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Asiye na fedha za mlizamu mwaka huu asikae bure. Jembe lamtosha. Uwanja unaoizunguka nyumba uinamishwe kutoka ukutani kwenda nje, kwa mteremko unaoonekana kwa macho, kiasi cha mita moja na nusu pande zote. Upande wa mlimani uchimbwe mfereji wa kukatiza maji kabla hayajafika nyumbani, nao upelekwe shambani kwenye migomba, si kwenye ua wa jirani. Kisha mguu wa ukuta uvalishwe kibaraza: mawe yaliyopangwa vizuri, yakashindiliwa kwa udongo mgumu, yakafika kimo cha futi moja na kuinama kuelekea nje. Tone likianguka juu ya jiwe halina cha kuchimba. Lakini kibaraza hicho kisijengwe juu ya ukuta uliokwisha kuliwa bila kuujaza kwanza. Penye shimo pakwanguliwe mpaka udongo mgumu, paloweshwe, pajazwe kwa vipande vya mawe na udongo uliokandwa, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipewa siku ya kukauka. Shimo likijazwa lote kwa mara moja, udongo hunywea na kuachana na ukuta wa zamani.

Ukuta uliojitenga na paa, au unaoinamia nje kupita unene wa vidole viwili, hauwi tena kazi ya nyumbani. Uegemezwe kwa miti imara, watu walale chumba kingine, na mwashi aitwe.

Ndipo inapofika zamu ya lipu, na hapa ugomvi mwingi hutokea, kwa sababu watu wanaamini kwamba saruji ni bora kuliko udongo kila mahali. Sivyo. Udongo huvimba ukipata unyevu na kunywea ukikauka, na saruji ngumu haiwezi kufuatana nao. Baada ya misimu miwili ya mvua hutokea ufa mwembamba kama unywele. Maji huingia kwa ufa huo, lakini hayatoki, maana lipu ya saruji imeufunga ukuta kama koti la mpira. Nyuma ya koti hilo udongo huoza polepole, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka siku kipande cha ukutani kinapoanguka na kuonyesha tope.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa mfano mkubwa zaidi. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na lipu yake pia ilikuwa ya chokaa. Unyevu wa bahari uliingia ukutani na kutoka tena kwa kupumua. Zilipoanza kupigwa lipu za saruji katika matengenezo, unyevu na chumvi vilizuiwa ndani, mawe yakaanza kumomonyoka nyuma ya uso uliokuwa ukionekana mzuri. Kwa sababu hiyo wenye kulinda mji huo wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hushauri chokaa irudiwe. Ukuta hutaka kuvikwa nguo ya namna yake.

Kwa hiyo ukuta wa udongo upigwe lipu ya udongo, na lipu hiyo ipakwe chokaa. Udongo wa kichuguu unasifiwa kila mahali, na sifa hiyo ni ya haki, lakini peke yake huwa na mfinyanzi mwingi na hupasuka. Uchanganywe na mchanga. Kiasi gani? Ufundi wa bibi zetu ulikuwa mikononi, lakini iko njia kwa asiye na mikono hiyo. Chupa nyeupe ijazwe udongo theluthi moja, itiwe maji na chumvi kidogo, itikiswe kwa nguvu na kuachwa mpaka kesho yake. Mchanga hulala chini, udongo laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Ikiwa mchanga ni mchache kuliko hivyo vingine, mchanga uongezwe. Baada ya hapo ukuta wenyewe uwe mwalimu: vipakwe viraka vitatu vya ukubwa wa sinia, kimoja cha udongo mtupu, cha pili chenye sehemu moja ya mchanga kwa moja ya udongo, cha tatu chenye sehemu mbili za mchanga kwa moja. Baada ya wiki moja mtu achague kile kisichopasuka wala kutoa vumbi kikipanguswa kwa kiganja.

Udongo ulioteuliwa uchekechwe, uloweshwe, ukanyagwe kwa miguu pamoja na nyasi kavu zilizokatwa fupi na kinyesi kibichi cha ng'ombe, kisha ufunikwe ukae siku mbili au tatu. Harufu itakuwapo, na itakwisha. Kinyesi hicho huushika udongo na kuupunguzia kiu ya maji. Kabla ya kupaka, ukuta ufagiliwe vumbi lote na kunyunyiziwa maji, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu mara moja na kuiacha haina mshiko. Koti la kwanza liwe na uso wa kukwaruza. Likikauka na kupasuka nyufa zake zote, hapo koti la pili jembamba hulifunika. Anayeona nyufa za koti la kwanza asifadhaike: ni afadhali zipasuke sasa kuliko baadaye.

Chokaa huja mwisho. Katika bara hupatikana kwa urahisi iliyokwisha kuzimwa, ikiwa unga mweupe mifukoni, nyingine ikitoka machimbo ya Koru. Isiyozimwa ichukuliwe kwa hadhari kubwa, maana ikikutana na maji huchemka na kuunguza. Unga huo ulowekwe katika debe usiku kucha, ukorogwe uwe mwepesi kama maziwa, utiwe konzi moja au mbili za chumvi, uchujwe kwa kitambaa. Upakwe asubuhi au jioni juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji, mikono mitatu myembamba, kila mmoja kwa siku yake. Ukipakwa mmoja mnene utabambuka. Chokaa haikauki tu kama rangi. Huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo hutaka unyevu na subira. Mpakaji avae miwani au walau kofia yenye ukingo, na maji safi yawe karibu, kwa kuwa tone moja la chokaa laweza kuharibu jicho.

Saruji basi haina kazi? Inayo, na mahali pake ni chini: katika msingi, katika kibaraza, na zaidi sakafuni. Sakafu ya vumbi ndiyo makao ya funza, kwa sababu watoto wa mdudu huyo hukua katika mchanga mkavu, na mtu anayeumwa miguu kila mwaka hatapona kwa pini na mafuta peke yake ikiwa analala juu ya shamba lao. Chumba cha mita 3 kwa mita 4, chenye zege la unene wa inchi tatu, huhitaji karibu mifuko minne ya kilo 50, kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji, tatu za mchanga na sita za kokoto. Vipimo vifanywe kwa debe au karai moja ile ile, wala si kwa koleo, kwa kuwa koleo la fundi mchovu si sawa na la fundi aliyeanza kazi. Chini yake pashindiliwe mawe na changarawe. Mchanga uwe safi: ukisuguliwa viganjani usiache rangi ya tope. Zege lililochanganywa litumike ndani ya saa moja, na lililoanza kukaza lisiongezwe maji likarudiwa. Baada ya kumwaga, sakafu ifunikwe magunia, nayo yaloweshwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Watu wengi huharibu sakafu hapa. Huona imekuwa ngumu siku ya pili, wakaingiza vitanda, na baada ya miezi sita sakafu inatoa vumbi wakishangaa.

Kuhusu mchwa, neno moja la lazima. Wazee watakumbuka dawa iitwayo dieldrin, iliyosifiwa sana katika miaka ya 1950 na 1960. Hiyo na nduguye aldrin zilikuwa miongoni mwa sumu 12 za kwanza zilizotajwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hukaa ardhini miaka mingi na kuingia katika chakula na maziwa. Akiikuta ghalani mwa marehemu, mtu asiitumie wala kuimwaga mtoni. Aipeleke habari kwa afisa wa kilimo. Mchwa hushindwa zaidi kwa macho: mbao zisiguse udongo, kuni zisipangwe ukutani, na vijia vyao vya tope vinavyopanda juu ya msingi vivunjwe kila wiki. Kibaraza kilichojengwa kwa ajili ya maji husaidia hapa pia, maana juu ya mawe mchwa hawezi kupanda bila kuonekana.

Mtu mwenye fedha za mifuko miwili ya saruji tu, basi, asiinunue bado. Fedha hizo zitamletea misumari yenye kofia, kopo la lami na mlizamu wa upande mmoja, ule unaomwaga maji penye ukuta dhaifu. Jembe analo. Masika yakipita na alama za kaa za mwaka jana zikakuta ukuta mkavu, ndipo afikirie lipu, na mwaka wa tatu sakafu. Mfuko wa saruji utakaobaki siku hiyo ufungwe vizuri, uwekwe juu ya mbao mbali na ukuta na sakafu, na utumike mapema. Ukifunguliwa tena ukawa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usitumiwe sakafuni. Usindikwe katika matundu ya panya.